Nilienda Kitwe kufundisha usalama, ndoo tatu za maji zikanifundisha mimi



Leo siandiki juu ya mushahara wala juu ya kontra. Nataka kuelezea ndoo tatu za maji ambazo niliharibu kule Kitwe, inchi ya Zambia, mwaka 2024. Zile ndoo zilinifunza jambo ambalo miaka mingi ya mikutano ya sendika haikunifunza.

Mimi ni delege wa sendika, niko na miaka inayopita makumi ine. Nilitumika chini ya udongo, kiisha wenzangu wakanichagua mu komite ya usalama. Mu mwezi wa 6 wa ule mwaka, wenzetu wa sendika ya Kitwe waliomba mutu wa kuwasaidia kufundisha vijana wanaoanza kazi: vumbi ya majiwe, namna ya kuvaa maske, hewa mubaya, namna ya kuandika ripoti kiisha aksida. Haikukuwa kazi ya mushahara. Walilipa safari, wakatoa chumba mu nyumba ya mwanamemba mumoja, na chakula. Ingine yote ilikuwa kujitolea. Nikakubali miezi mitatu.

Kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa haifiki kilomita 100. Unavuka mupaka, unapita Chililabombwe na Chingola, kiisha uko Kitwe. Mu njia ni milongo ya makamio yenye kubeba shaba, sawa kwetu. Nyumba za kampuni za zamani ziko mu laini, na miembe mu malupango, sawa kwetu. Kibemba wanachosema, wengi wetu tunakisikia. Nikawaza: hapa niko ku nyumba tu. Mu sanduku yangu nilibeba vitabu, kalamu na maske kumi ya kuonyesha. Sikubeba hata bidoni moja.

Mvua ilikataa, umeme ukafuata

Mule mwaka Zambia ilikosa mvua. Tarehe 29 mwezi wa 2, Rais Hakainde Hichilema alitangaza kwamba ukame umekuwa balaa ya taifa. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa ile inchi ilikuwa inatoka ku nguvu ya maji, na baraji kubwa ni ya Kariba, juu ya mto Zambezi, wanayotumia pamoja na Zimbabwe. Maji ya ziwa yakishuka, turbine hazizunguke. Basi wakaanza kukata umeme kwa zamu, ile sisi tunaita delestaji. Mu mwezi wa 3 ilikuwa masaa 8 kwa siku. Wakati mimi nilikuwa kule, ilikuwa imepita ile sana. Kuko siku mu kartie yetu tulipata masaa 3 tu ya umeme, na yalikuja wakati watu wamelala.

Musiseme ni shida ya watu wengine. Mu miaka ya 1950, mbele Kariba ifunguliwe mwaka 1960, ni Katanga njo ilituma umeme mpaka Kitwe, kutoka ku baraji ya Nseke kwetu juu ya Lualaba. Leo imegeuka: migodi mingi ya huku inanunua umeme unaopitia Zambia. Waya ni moja, udongo ni moja, na shida pia ni moja.

Na umeme ukikatika, maji nayo inaenda. Pompi za muji zinatumika na umeme. Robine inakauka, watu wanangoja.

Ndoo tatu

Mwenyeji wangu alikuwa mutumishi wa chini ya udongo, wakati ule mu posti ya usiku. Bibi yake anauzisha tomati ku soko. Mama muzazi wa yule bibi alitoka Likasi, kwa hiyo anasema Kiswahili chetu bila shida. Wako na watoto watatu, mukubwa ni binti wa miaka 12.

Siku ya tatu nilirudia ku nyumba na vumbi ya njia. Mu kishimba cha kuogea nilikuta ndoo tatu zimejaa, zimefunikwa vizuri. Nikawaza ni heshima ya mugeni. Nikaoga na ndoo mbili, na ya tatu nikafulia shati na suruali. Hakuna mutu alisema kintu. Ila chakula cha magaribi kilichelewa sana, na bukari ilikuwa kidogo.

Usiku, sawa saa nane, nilisikia mulango. Nikaangalia ku dirisha. Mama wa nyumba na binti yake walikuwa wanatoka na bidoni, baridi ya mwezi wa 6 ikiwapiga. Walirudia mara ine. Saa kumi na mbili asubuhi binti alikuwa anavaa nguo za masomo.

Kiisha bwana akarudia kutoka kazi. Uso na shingo vilikuwa vyeupe vya vumbi. Alipangusa mikono na kitambaa kilicholowana kidogo, akakaa mbali ku pembeni. Mutoto mudogo wa miaka miwili alimukimbilia, yeye akamusukuma polepole: "Ngoja, ngoja kwanza." Mutoto akalia.

Nikamuuliza mama: "Mama, kuna shida gani?"

Akanyamaza, kiisha akasema: "Baba, musiwaze mubaya. Ile maji ya jana, ndoo moja ilikuwa ya bwana yangu. Akitokaka mu mine, anaoga mbele ya kushika mutoto. Ingine ilikuwa ya kupika. Ingine ya watoto."

"Na ni nani anaitekaka?"

"Ni mie na mutoto. Umeme ikirudia usiku, maji nayo inakuja. Tunalamuka."

Nilitaka udongo ufunguke. Jana yake, mbele ya vijana makumi mbili, nilikuwa nimesimama na chaki mu mukono nikisema: "Usipeleke vumbi ya mine ku nyumba. Oga mbele ya kushika mutoto." Na ile magaribi, ni mimi mwalimu njo nilimaliza maji ya baba kushikia mutoto wake.

Kilo 100 kwa siku

Nikaketi na kalamu. Watu wa misaada, wakati wa vita ao balaa, wanahesabu litre 15 za maji kwa mutu mumoja kwa siku. Njo kipimo cha chini: kunywa, kupika, kuoga. Sisi mu nyumba tulikuwa watu sita. Ni litre 90, sawa bidoni tano za litre 20 zikikosa kujaa kidogo. Litre moja ya maji ni kilo moja. Maana yake, karibu kilo 100 zilibebwa kila siku na mama mumoja na mutoto wa miaka 12, usiku, mu giza.

Mu mugodi, ukimwambia kijana abebe kilo 100 bila kulala, mimi delege ninasimamisha kazi. Hapa nilikuwa ninaoga juu ya ile kazi.

Ile mutaa ilikuwa imejipanga muzuri. Nyumba kumi zilikuwa na orodha ya zamu. Kila usiku nyumba moja inaacha taa moja wazi mbele ya kulala. Taa ikiwaka, mwenye zamu anatoka kupiga chuma ku milango ya wengine na kuita: "Amalaiti yabwela!" Ni kusema umeme umerudia. Bila ile orodha kila mama angekesha kila usiku. Na orodha, nyumba moja inakesha na kenda zinalala mpaka wakati wa kuteka.

Nikaomba jina langu liingie. Mama wakacheka: mwanaume, tena mugeni, tena mwalimu! Nikapata usiku mbili kwa juma. Nikanunua bidoni mbili na nikaazima kinga moja ya kubebea. Toka siku ile nilioga na nusu ya ndoo, na maji ya kuoga nikayaweka ya kumwanga mu choo. Mama alinifunza laini ya maji: yale yameosha mboga yanaosha sahani mara ya kwanza, kiisha yanaosha chini, kiisha yanaenda mu choo. Maji safi hayagusi choo hata siku moja.

Mbabula mu chumba

Musifikiri kwamba kiisha pale nilikuwa na akili yote. Mu mwezi wa 7 baridi ya kule inauma. Usiku moja nilitaka kutengeneza masomo ya kesho. Umeme hakuna. Nikaona mama amemaliza kupika, makala ingali inawaka mu mbabula. Nikaingiza mbabula mu chumba, nikafunga dirisha na mulango, nikawasha taa ya jua, nikaandika.

Kiisha muda kichwa kikaanza kuuma. Nikawaza ni uchovu. Miguu ikawa sawa si yangu. Nikaweka kichwa juu ya meza. Bahati mama alikuja kuchukua mbabula yake. Akafungua mulango, akapiga kelele:

"Baba! Unataka kutufia hapa?"

Wakanivuta mu lupango, nikatapika, nikapumua hewa. Kesho yake kichwa kilikuwa kingali kinauma.

Ile gazi inaitwa monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi. Ni ile ile inayobakia mu galeri kiisha kupiga baruti, ile inayotoka wakati moto unashika chini ya udongo. Juu yake njo tunangoja feni itoe hewa mbele ya kurudia ku kazi. Ninaifundisha toka miaka. Lakini mu chumba sikuiona juu ilikuwa mu mbabula, haikukuwa mu mine.

Nilitaka kuficha ile habari. Kiisha nikawaza: delege anayeficha aksida yake ataombaje wengine waandike zao? Asubuhi nikaielezea mu kelasi. Vijana wakacheka sana. Kiisha mumoja akanyoosha mukono, akasema ku nyumba yao mbabula inalala mu chumba cha watoto. Na mwingine. Na mwingine. Ile siku njo kelasi yangu ilianza kweli.

Basi shikeni hii: mbabula inapikiwa inje, na inabakia inje. Kama baridi ni nyingi, vaa nguo mbili, lala karibu. Jenereta nayo ni vile vile: inje, mbali na dirisha na mulango. Watu mu nyumba moja wakianza kuumwa kichwa wote pamoja, musingoje: fungueni, tokeni wote, na mwenye kupotewa na akili apelekwe ku hospitali mara moja.

Maji ya kunywa

Kulikuwa kintu kingine cha kuogopa. Kolera ilianza kule Zambia mwezi wa 10 mwaka 2023, na mpaka 2024 iliua zaidi ya watu 700. Maji yakikatika, mutu anateka popote, na pale ugonjwa unapata njia.

Mu nyumba yetu maji ya kunywa yalikuwa na bidoni yake yenye kifuniko, hakuna mutu wa kutia mukono ao kopo ndani, wanamwanga. Makala ikiwa ya kutosha, tulichemusha: maji yakitokota kwa nguvu dakika moja, inatosha. Makala ikikosa, tulitia javele isiyo na marashi, ile ya nguvu ya asilimia 5: matone 2 kwa litre moja, unatikisa, unangoja dakika 30. Maji yakiwa na matope, yachuje kwanza ku kitambaa safi, kiisha tia matone 4. Na kama hakuna makala wala javele, jaza maji meupe mu chupa ya plastiki isiyo na rangi, ilaze juu ya bati ku jua kali masaa 6. Mawingu yakiwa mengi, iache siku mbili.

Mutoto akianza kuhara maji-maji, tieni mu litre moja ya maji safi vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo ya chumvi. Anywe polepole bila kuacha wakati munamupeleka ku hospitali.

Masaa 3 ya kutumia

Ku mulango wa jikoni mama aliandika na chaki namna ya kufuata umeme ukirudia. Kwanza maji. Pili simu zote na taa ku shaji. Tatu kuchemusha maji ya kunywa. Ine kupiga pasi nguo za masomo. Ya mwisho, kama umeme ungalipo, telefisheni. Ile ya mwisho haikufikiwa sana.

Umeme ukikatika, alikuwa anatoa vyuma vyote ku prize, anaacha taa ile moja ya zamu. Ukirudia, anangoja dakika kumi mbele ya kurudisha, juu wakati mwingine umeme unarudia na nguvu mubaya na unaunguza. Frigo yake ilikuwa imegeuka kabati ya sahani. Kapenta yake ni ya kukauka, mboga ananunua ya siku. Maharagi anayalowesha toka jana, anayatokotesha kidogo, kiisha anafunga sufuria mu blanketi nzito masaa mengi. Inaiva yenyewe, makala inabakia ya kesho.

Saa moja jioni tulikula na taa ya jua katikati, ile ndogo ya kubeba. Mishumaa hakutaka, juu ya watoto na pazia.

Pompi ya mine na bidoni ya mama

Ku Chililabombwe kuko mugodi wa Konkola, mumoja kati ya migodi yenye maji mengi kabisa mu dunia yote. Pompi zake zinatoa maji usiku na muchana. Na kwetu, munakumbuka Kipushi: mwaka 2011 pompi kubwa za chini ziliharibika na mugodi ukajaa maji. Kila mutumishi anajua: umeme ukikatika chini ya udongo, ni pompi, ni feni, ni lifti ya watu. Kwa hiyo mugodi uko na waya ya pili, jenereta, mutu wa zamu kila saa, na jina lake liko ku karatasi.

Usiku mumoja wa zamu yangu, nikingoja taa iwake, nikajiuliza: mutumishi anayesimama ku ile pompi, ku nyumba yake nani yuko mu zamu? Siku zake za kupumuzika, mwenyeji wangu alikuwa anateka pahali pa bibi yake. Kiisha anarudia chini bila kulala. Mu masomo yangu kulikuwa ukurasa muzima juu ya uchovu: pombe, posti mbili za kufuatana, dawa. Juu ya bidoni hakukuwa hata laini moja.

Tukaandika ukurasa mupya pamoja na wenzetu wa Kitwe. Mbele ya kushuka, mukubwa wa kundi anauliza: umelala masaa ngapi, na juu ya nini? Mwenye kukesha ku maji hapewi kazi ya hatari siku ile, na hakatwi franga. Jambo la pili waliliomba ku kampuni: chumba cha kubadilishia nguo kiwe na tanki yake ya maji, ili mutu aoge mbele ya kutoka, hata muji mzima ukauke. La kwanza vijana walianza kulifanya wao wenyewe. La pili, mpaka siku niliporudia, kampuni haikujibu.

Ku nyumba

Kuko vijana wetu wanaoenda kujitolea mbali: walimu, wauguzi, watu wa kanisa, watu wa sendika. Ninawaambia hivi. Siku ya kwanza, mbele ya kufungua sanduku, uliza: maji yanatoka wapi? Nani anateka, saa ngapi? Umeme unakuja wakati gani? Kiisha ingia mu zamu. Beba taa ya jua na bidoni yako. Usingoje wakuambie, juu mwenye nyumba hatamukataza mugeni. Atakaa na kiu yake.

Miezi mitatu ikaisha. Binti alinisindikiza mpaka ku basi, akabeba maske moja niliyomupa kama ukumbusho. Nikavuka Kasumbalesa magaribi, nikafika Lubumbashi usiku. Kartie nzima ilikuwa giza. Mu lupango nikakuta bidoni saba zimepangwa ku ukuta, sawa zimekuwa pale siku zote. Na kweli zilikuwa pale siku zote.

Nikamuuliza bibi yangu: "Hapa kwetu, nani anatekaka maji?"

Akaniangalia, akacheka mpaka akaketi chini. "Miaka kumi na munane ya ndoa, njo leo unauliza?"

Sasa jina langu liko ku orodha ya mutaa yetu, siku ya pili na siku ya tano. Wenzangu delege, mu mukutano wenu unaokuja, mbele ya kufungua habari ya mushahara, pitisheni hili ulizo ku kila mutu: nani ku nyumba yako alilamuka usiku huu juu ya maji? Andikeni majibu. Mutaona usalama wa mugodi unaanzia wapi.